Kitambaa cha Kwa Tangi

Zamani treni ya asubuhi ilisimama Kwa Tangi kwa sababu ya kiu yake. Ilikuwa bado ile ya moshi, na kando ya reli kulikuwa na tangi kubwa la chuma. Mashinisti anasimama, mashini inakunywa maji, na wakati huo wafanyakazi wa bandari na wa depo wanapanda. Wabelgiji waliiweka treni hiyo kwa ajili ya hao wafanyakazi tu, wafike Kalemie kazini na jioni warudi. Halafu wanawake nao wakaanza kupanda na mabeseni ya unga na ya sombe, majani ya muhogo, na hakuna aliyewafukuza.

Mashini ya mazuti, yaani ya dizeli, ilipokuja, haikuwa na kiu tena. Ikapita. Watu wakaenda kulalamika biro ya gare, pale stesheni, mpaka wakasikilizwa: treni itasimama, lakini muonyeshe kitambaa. Kwa Tangi reli inapinda, mashinisti haoni watu wala njia inayotoka kijijini. Anaona kitambaa chekundu tu, kwenye ncha ya mti mrefu. Kikiwa juu, anangoja. Kikishuka, anaenda. Basi tukajiwekea sheria wenyewe: anayefika wa kwanza njo anashika kitambaa, na hakishushi mpaka wa mwisho amepanda, hata yule anayeonekana bado kule mlimani akikimbia.

Miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo yalikatazwa kwenye biro, lakini ndani ya treni tuliitana vile tulivyobatizwa. Aliyefika wa kwanza karibu kila siku alikuwa Mama Agathe, muuza unga wa muhogo. Jirani yake sokoni alikuwa Mama Henriette, naye wa Kwa Tangi, naye wa unga. Walikuwa wakikopeshana chumvi mpaka siku ile Henriette aliposema mbele ya wateja:

"Mukinunua kwa Agathe, munapata na mchanga wa kujengea nyumba, bila kuongeza kitu!"

Wateja walicheka. Mmoja akauliza kama simenti iko pia. Agathe alicheka nao kwa meno, na jioni alirudi na beseni karibu limejaa. Tangu hapo hakumsalimu Henriette.

Asubuhi ninayosimulia, watu walikuwa wamepanda wote. Agathe alisimama kwenye ngazi ya behewa la mwisho, mti wa kitambaa mkononi. Akatazama mlimani. Henriette alikuwa anashuka, kitu amekibana kwapani, mkono mwingine umeinuka. Alikuwa amevaa nguo za sikukuu. Agathe aliona vizuri ule mkono. Aliona hata miguu ikiteleza kwenye udongo mwekundu. Akasema moyoni: naye leo achekwe.

Akashusha kitambaa.

Treni ikavuta. Ndani, Mama Emilie alimpa nafasi kwenye benchi.

"Henriette hakuonekana? Kumbe! Amelala leo?"

"Sijui," Agathe alisema.

"Hawezi kulala leo, yule. Leo binti yake Louise anasafiri kwa ziwa. Wakwe wanamubeba Uvira kwa bwana yake, bato inatoka saa sita. Mama yake alisema anamuletea udongo wa pemba, amubariki pale bandarini. Wewe hukusikia?"

Agathe hakuwa amesikia. Angesikia wapi, na yeye hazungumzi tena na Henriette? Alimjua Louise tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Mkono wake ulianza kunuka chuma cha ngazi, akaufuta kwenye kitenge, ukazidi. Akainuka akamtafuta Papa Barnabé, shefu wa treni.

"Papa Barnabé, turudi kidogo. Kuna muntu tumemuacha."

"Turudi?" Papa Barnabé akacheka, na watu wakacheka. "Mama Agathe, hii ni treni, si kinga ya kukanyaga pedali! Treni ya mizigo ya Kabalo inangoja sisi tufike ili nayo itoke. Njia ni moja. Nikirudi nyuma, tutakutana nayo uso kwa uso, halafu utauza unga wako mbinguni."

"Na mchanga wake!" mtu mmoja akaongeza kutoka dirishani.

Safari hii Agathe hakusikia uchungu wa lile neno. Alikuwa anahesabu kichwani njia zote za kufika mjini, na hazikuwa nyingi. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Kwa miguu juu ya reli, kuna daraja, na askari wa daraja hapitishi mtu. Treni nyingine ni hii hii, jioni.

Kalemie alimwachia Emilie beseni lake akaenda moja kwa moja bandarini. Louise alikuwa amesimama kati ya mizigo, amevaa kitenge cha rangi ya majani mabichi, mama mkwe wake pembeni. Alipomwona Agathe, alitazama kwanza nyuma yake.

"Mama iko wapi?"

"Treni ilimwacha."

Louise alijua treni ile, alikua nayo. Alijua jioni ni mbali. Akakaa juu ya sanduku lake, akainuka tena. Bato ikapiga honi ya kwanza.

"Basi wewe, mama," akasema. "Wewe ni wa kwetu. Ulininyoa nywele siku nilipopata surua. Unibariki wewe. Sitaki kuondoka hivi hivi."

Mama mkwe akafungua ncha ya kitenge, akatoa kipande cha pemba nyeupe. Mtu akaleta maji kwenye bakuli. Sasa, kwetu jambo hili lina utaratibu wake. Anayebariki anapaka mtoto pemba kwenye paji la uso na kifuani, anachukua maji kinywani, anamnyunyizia. Lakini kabla ya kunyunyiza lazima atoe neno lolote la kinyongo analolishika juu ya nyumba ya yule mtoto. Ukinyunyiza na neno ndani, hayo ni maji tu. Wengine wanasema ni mabaya kuliko maji.

Agathe alisugua pemba. Akampaka Louise kwenye paji la uso. Akachukua maji kinywani. Louise alifumba macho, akainua kidevu kidogo, kama mtoto anayengoja kuoshwa.

Maji yakakaa kinywani mwa Agathe. Mashavu yalimjaa. Mama mkwe akamtazama, na wabeba mizigo wawili nao wakatazama. Agathe akayameza.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini?"

"Mimi njo nilishika kitambaa leo. Mama yako alikuwa mlimani anakimbia. Nilimwona. Nikashusha."

Louise alifumbua macho. Hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa, na uso wake ukawa kama wa mama yake.

"Kwa sababu ya ule mchanga?"

"Kwa sababu ya ule mchanga."

Mama mkwe akasonya kwa nguvu mpaka wabeba mizigo wakageuka. Honi ya pili ikapigwa. Louise alichukua kile kipande cha pemba mkononi mwa Agathe, akakitazama, akamrudishia.

"Umupelekee mama. Akiweke. Siku nitakaporudi atanipaka mwenyewe. Na haya, umwambie kwa kinywa chako. Asiyasikie kwa Mama Emilie."

Akajifuta paji la uso kwa kiganja. Akapanda ubao wa bato bila kugeuka, mama mkwe nyuma yake.

Jioni, Agathe alishuka Kwa Tangi wa mwisho. Henriette alikuwa amekaa chini ya tangi, na zile nguo za sikukuu, matope mpaka magotini. Alikuwa amefika darajani, askari akamrudisha. Watu wakapita wakimpa pole. Agathe akangoja wapite, akasimama mbele yake, akasema yote, na la kitambaa na la maji. Akamnyoshea pemba.

Alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Kwa kofi pia. Henriette alipokea pemba, akaifunga kwenye ncha ya kitenge.

"Alikula?" akauliza.

"Sikuona."

"Alivaa kile kitenge cha majani?"

"Ndiyo. Kilimpendeza."

Henriette akainuka, akapanda mlima.

Nyumbani Agathe alichukua unga uliobaki akauchekecha, polepole, karibu na moto. Mchanga ulikuwemo. Si mwingi. Ulibaki kwenye chekecheo, akauona.

Baada ya hapo hakutaka tena kufika wa kwanza. Alikawia makusudi ili mti wa kitambaa uwe kwa mtu mwingine. Kama treni ingemwacha siku moja, aliona ni haki yake, tena angepumua kidogo. Akawa anaingoja siku hiyo.

Ikaja na mvua. Alikuwa bado juu mlimani aliposikia mashini imesimama. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Alipotokea pale njia inapopinda aliona kitambaa chekundu kikiwa juu, kimelowa, kimeshikamana na mti wake, na aliyeshika alikuwa Henriette.

Agathe akasimama. Hata beseni hakulishusha. Mashinisti akapiga honi. Watu wakaanza kupiga kelele madirishani: "Mama Henriette, shusha! Tunachelewa kazini!" Papa Barnabé akatoa kichwa: "Kabalo inangoja njia, mama! Nani tena?"

Henriette alikuwa anatazama mlimani, na mkono wake haukushuka.

Ndipo Agathe akashuka, akianguka, akiinuka, unga ukimwagika begani. Akapita karibu sana naye kwenye ngazi. Henriette alijisogeza ili beseni lipite. Hakumsalimu. Agathe alipoingia kabisa ndani, kitambaa kikashuka, na treni ikavuta.

Kulikuwa na nafasi kwenye benchi. Agathe hakukaa. Alisimama mlangoni na unga wake uliolowa mpaka Kalemie.