Mkwe Mwema wa Kikondja

Kwa miaka tisa Tshiela alisikia habari za Kikondja kabla hajatia mguu huko. Mume wake Mbayo, karani wa mgodi pale Musonoi, Kolwezi, hakuchoka kumsimulia juu ya ziwa Kisale na visiwa vyake vya mafunjo vinavyoelea na watu juu yake, na juu ya soko ambalo mababu zake walibadilishana samaki kwa chumvi na misalaba ya shaba, kabla mzungu hajajulikana. Tshiela mwenyewe alizaliwa Kolwezi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shimo, na kwa ndugu za Mbayo hiyo ilikuwa kasoro. Kasoro ya pili ni kwamba hakuzaa.

Kwa hiyo likizo ya mwaka 1974 ilipofika na Mbayo akasema, "Funga bitu, tunaenda kwetu, bakuone, weye bibi yangu," Tshiela alishona gauni jipya na kununua vitenge vitatu vya zawadi. Walipanda treni Kolwezi, wakabadilisha Tenke, wakashuka Bukama, kisha wakateremka mto Lualaba kwa meli hadi maji yakapanuka yakawa ziwa.

Siku nne za kwanza zilikuwa tamu kuliko zote za ndoa yake. Mama yake Mbayo, mzee Ernestine, alikuwa amepooza upande mmoja, lakini ulimi wake ulikuwa mzima, na alimpokea Tshiela kwa machozi. Asubuhi walizunguka soko, katikati ya vichanja vya samaki wa moshi na wanawake waliokuja na mitumbwi. Siku ya tatu Mbayo alimpeleka Sanga, mahali maprofesa walipochimbua makaburi ya kale yenye vyungu na vikuku vya shaba. "Hii shaba ilitoka kule kwetu ku mugodi," alimwambia, akamshika mkono. Tangu waoane hakuwahi kumshika mkono mbele ya watu.

Mwenyeji wao kila mahali alikuwa Ndaya, muuza samaki, ambaye Mbayo alimtambulisha kuwa binti wa shangazi yake. Alikuwa na mimba ya miezi mitano hivi. Alimchagulia Tshiela samaki wanono na kumkatalia asibebe kapu. Siku moja Tshiela aliweka kiganja juu ya tumbo lile na kumwomba Mungu amjalie Ndaya mtoto mwenye afya. Wanawake wa vichanja vya jirani wakainamisha vichwa. Tshiela alidhani nao wanaomba.

Siku ya tano ilikuwa ya kurudi. "Mi natangulia na mizigo, nitushikie nafasi," Mbayo alisema. "Weye nawisha mama kwanza. Utanikuta ku meli."

Tshiela alikuwa bado anamfuta mzee mgongo honi ilipolia. Alikimbia hadi ukingoni na kitambaa mkononi. Meli ilikuwa imeshaliacha gati. Mbayo alisimama juu katika suti yake ya abakosti, uso ameugeuzia upande wa pili, na karibu yake Ndaya alikuwa ameketi juu ya sanduku la Tshiela.

Hakuna aliyeshangaa pale ukingoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga samaki alicheka kidogo, kisha akajizuia. Mwingine, mtu mzima, akamwambia, "Mama, ile mimba ni ya bwana yako. Soko yote ilijua. Anakuacha uchunge mama yake."

Tshiela alirudi nyumbani, akasimama mlangoni.

"Ulijua?" alimwuliza mzee Ernestine.

"Kujua nini, mwana? Aliniambia ulitaka weye mwenyewe kubakia na miye. Nikamushukuru Mungu."

Wiki tatu Tshiela alimuuguza. Alimgeuza, alimlisha, alimfulia. Mzee alimwachia kipande kinono cha samaki na kumwita mwanangu, na aliapa kwamba Mbayo akija atamlaani mbele ya watu. Alimwonyesha kaburi la mume wake kwenye kilima, juu ya maji. "Pale, pembeni yake. Kitu kingine siombi." Huruma ile ilimchoma Tshiela kuliko kicheko cha sokoni. Kila alipomshika mzee kwapani kumwinua, alimwona Ndaya akipika kwenye jiko lake.

Wiki ya nne aliuza vitenge alivyomzawadia mzee, na pete yake mwenyewe, akakata tiketi mbili. Aliwaambia majirani, "Bwana yangu ametuma habari. Anataka mama aende ku hospitali, Kolwezi."

Mzee Ernestine alikataa. Alilia, akashika nguzo ya nyumba kwa mkono wake mmoja mzima. "Huyu ananidanganya. Muniache hapa, nife hapa."

"Bazee bote wanaogopa hospitali," majirani walisema, wakamfungua vidole kimoja kimoja, kwa upole. Wanaume wanne walimbeba kwa machela hadi kwenye meli. Wanawake wa soko, walewale, walimletea Tshiela samaki wa njiani. "Mukwe kama weye hakuna," walimwambia. "Na vile alivyokutenda." Tshiela alipokea samaki.

Ndani ya meli mzee alitazama nyuma mpaka mafunjo yakamfichia mji wake. Baada ya Bukama hakula tena. Pale Tenke walingoja treni ya Kolwezi mchana kutwa, mgonjwa amelazwa kwenye mkeka kando ya reli.

"Mi nilikukosea nini, mwana?" aliuliza.

"Weye, hapana. Mutoto wako."

"Basi kwa nini miye?"

Tshiela alimfukuza nzi usoni. "Sababu weye njo mutu anayependa."

Waliingia Musonoi kesho yake, saa ile wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wanatoka kazini, njia imejaa watu. Tshiela alikuwa amekodi mkokoteni wa kumbeba mzee. Alitembea mbele yake polepole, akimsalimu kila mtu. Ndaya alifungua mlango, tumbo mbele, amejifunga kitenge cha Tshiela. Mbayo alitokea nyuma yake na kijiko mkononi.

"Nimekuletea mama bukwe yako," Tshiela alimwambia Ndaya. "Umugeuze mara sita kwa siku, ama atatoka bidonda. Uji usikuwe moto." Akaenda zake kwa kaka yake Ngeleka, mtaa wa tatu, hakuangalia nyuma.

Mzee Ernestine alikufa siku ya tano. Kumrudisha Kikondja hakukuwezekana. Akazikwa katika makaburi ya kampuni, kando ya lundo la mawe ya mgodi. Ndugu waliokuja matangani walimtemea Mbayo maneno: kamleta mama huku kumuua, kwa sababu ya mwanamke wa sokoni. Tshiela walimkalisha kwenye kiti, wakamletea maji ya kunawa kabla ya wengine wote.

Mbayo alimfuata nyuma ya nyumba, macho mekundu.

"Alikuomba umuache kule?"

"Aliniomba."

"Na weye?"

"Nikamubeba."

Mbayo alinyanyua mkono kumpiga, lakini watu walikuwa wanawatazama, akaushusha. Alibaki pale, anahema. Tshiela alikuwa ameingoja saa hii tangu siku ya meli, na alijua angeifurahia. Akajipapasa moyoni kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Hakukuta furaha. Alichokuta ni uzito wa kwapa la mzee, bado mikononi mwake, na yale maneno mwanangu, mwanangu.

Alirudi ndani kuketi na wanawake. Mmoja wao alimpisha, akamshika goti, akasema Mungu atamlipa. Tshiela akaitikia, "Aksanti, mama."