Mabawa ya Tantine Véro

Siku Elphas alipokuja kwangu Grand Prairie kujitambulisha, alibeba vitu viwili: keki ya dukani na sanduku refu lenye picha ya roketi. Keki ilikuwa yangu. Sanduku lilikuwa la kunionyesha yeye ni mtu wa namna gani, na lilinionyesha vizuri, ingawa si kama alivyokusudia.

Mwanamume mwenye ndevu, mwenye digrii mbili na kazi ya kompyuta huko Irving, anakuja kuposa na mchezo wa watoto kwapani. Nilimkaribisha kwa adabu zote. Nikampa kiti kizuri, nikampa soda, nikakaa mbele yake nikiifunika dharau yangu kwa tabasamu.

Kethia ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana meno ya utoto, kwanza katika kambi ya wakimbizi Tanzania, halafu hapa Texas, na sasa ni nesi mwenye gari lake na ukaidi wake. Lakini kwa jambo la ndoa aliniambia wazi: "Tantine, bila oui yako siendi popote." Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: nikikubali, watu wa Elphas wangekuja rasmi kutoka Houston baada ya Pasaka. Nikikataa, wangebaki huko huko na suti zao.

Nilichoogopa kilikuwa kimoja. Mama yake Elphas yuko Houston, na kila Mkenya mwenzake wa kanisani anajua kwamba anataka mwanawe wa pekee arudi akae naye. Nilimwona Kethia wangu huko, katika nyumba ya mwanamke mwingine, mbali na mimi, akimtegemea mume ambaye neno lake sijalipima. Nikamwuliza kabla hata keki haijakatwa.

"Elphas, utamupeleka Houston?"

"Hapana, Auntie. Tutatafuta nyumba hapa Mansfield, karibu na wewe."

Jibu lilikuja haraka mno. Mtu anayekusudia kununua nyumba hufikiri kidogo, walau kwa heshima ya nyumba yenyewe.

Halafu akafungua sanduku lake, na hapo ndipo alipopata uhai. Alitandaza juu ya meza yangu ya kulia bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, mapezi matatu ya mbao nyepesi ya kubandika mkiani, kamba ya mpira na mwavuli wa nailoni wa kuishusha chini polepole. Akaeleza kwamba hataijenga kama maagizo yanavyosema. Angerefusha bomba, angetoa yale mapezi mepesi na kukata mengine ya plaiwudi, angeweka mota kubwa zaidi ya ile iliyopendekezwa. Macho yalimwaka kama mtoto wa Sunday school aliyeona biskuti. Kethia akawa anamtazama yeye badala ya roketi, na hilo lilinikera zaidi ya mengine yote.

Nikasema neno la kumkebehi tu, wala sikuwa na nia nyingine.

"Kitu ya kuruka, na haina mabawa? Minaona ndege zote za pale airport ziko na mabawa. Weka mabawa. Huku mbele, karibu na kichwa, watu wayaone."

Elphas akaangalia bomba. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Mtu anayemeza neno mimi namjua.

"Hiyo ni idea poa, Auntie," akasema. "Hakuna shida. Nita-modify."

Hapo ndipo nilipoanza kumdharau kwa dhati.

Wacha nieleze. Marehemu mume wangu, Vital, alikuwa mtu wa ndiyo. Watu walimsifu, eti mpole, eti hana ugomvi na mtu. Aliniambia mimi ndiyo, akamwambia mama yake ndiyo, na siku tuliyohamia nyumba mpya tulikutana mlangoni mimi na mama mkwe, kila mmoja na mizigo yake, kila mmoja ameahidiwa chumba kile kile chenye dirisha. Vital alikuwa amesimama nyuma yetu akitabasamu. Nimeishi miaka mingi na tabasamu lile, na sitaki Kethia aishi nalo hata juma moja.

Roketi mimi siijui, wala sikutaka kuijua. Lakini yeye aliijua. Nilitaka aniambie tu, "Auntie, hapana, itaanguka." Ningemnunia siku chache, kisha ningempa mtoto wangu kwa mikono miwili.

Basi wakawa wanakuja kila Jumapili baada ya ibada kuijenga sebuleni kwangu, maana kwa Elphas hakuna meza ya maana. Kethia alipiga msasa yale mabawa mpaka ncha za vidole zikamwuma. Aliyapaka rangi ya samawati, akaacha ikauke, akapiga msasa tena, akapaka tena. Nyumba ilinuka gundi na vumbi la mbao. Mtoto alikuwa na furaha, siwezi kusema uongo, na mimi nilikaa kwenye kochi na sahani yangu ya sombe ya majani ya muhogo nikitafuta kitu kingine cha kuharibu.

"Mbona haisimami?" nikauliza Jumapili moja. "Ukiiweka, inaanguka. Iwekee miguu. Ya chuma. Mtu mwenye heshima anasimama kwa miguu yake."

"Chuma, Auntie?"

"Chuma."

Koo likapanda, likashuka. "Sawa. Nitatafuta."

"Tantine, please," Kethia akasema kwa sauti ya chini. "It's a rocket, si meza."

"Bwana yako amesema sawa. Wewe unasema nini?"

Juma lililofuata miguu ya chuma ilikuwepo, imeshikizwa mkiani kwa skrubu, na roketi ikasimama mezani imara kama jiko la mkaa. Ilikuwa na sura mbaya kupita kiasi. Elphas akaniuliza kama imenipendeza. Nikamwambia bado. Nikaingia chumbani, nikarudi na kikwembe changu cha sikukuu ya wanawake, kile kitenge kizito cha nta, nikamwambia mwavuli wa nailoni ni wa watu wasio na kwao. Roketi ya familia yetu ishuke na kikwembe.

Hapo nilidhani nimemfikisha mwisho. Hata mimi niliona kwamba kitambaa kile, hata ukikikunja mara ngapi, hakitaingia kwenye bomba bila kukwama. Alikipokea, akakipapasa kati ya vidole, akamtazama Kethia, akanitazama mimi.

"Asante sana, Auntie. Itapendeza."

Jumapili zote hizo hakuniambia hapana hata mara moja. Nilimhesabu kuwa bure kabisa.

Kuna wikendi kadhaa Elphas hakuonekana kwa sababu ya kazi. Kompyuta za ofisi zilimhitaji, alisema, lazima awe karibu na simu. Kethia alimpelekea ujumbe wa kumpa pole, akaendelea kukunja kikwembe peke yake, akajaribu hivi na vile, mpaka akapata namna ya kukiingiza kwa kukipaka poda ya mtoto. Alinionyesha kwa fahari. Nilimwonea huruma, nikaificha, nikamwambia amekunja vibaya.

Siku ya kurusha tulienda kwenye shamba moja la ng'ombe, mbele ya Mansfield, ambako watu wa klabu ya roketi hukutana Jumamosi. Mimi nilikuja na gari langu, wao na la Elphas. Nilikuta watu wazima, wengine wastaafu, wamekaa kwenye viti vya kukunja, midomo wazi, wanatazama juu. Kila dakika chache kitu kinavuma, kinatoa moshi, wote wanapiga makofi, halafu mmoja anaanza kutembea majanini kwenda kuokota mchezo wake. Nilitandika kanga yangu kwenye kiti nikakaa mbali nao kidogo.

Kabla ya kurusha kuna meza ya ukaguzi. Hapo alikuwepo mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya nyasi, mnene, asiye na haraka. Kethia mwenyewe ndiye aliyeibeba roketi yetu mpaka kwake, ameishika kama mtoto wa kubatizwa. Yule mama aliyatazama mabawa, akaitazama miguu, akailaza juu ya kidole kimoja kutafuta mahali inapokaa sawa bila kuinama. Kidole kikaishia karibu na mkia. Akatikisa kichwa.

Aliongea taratibu, na Kiingereza changu kilitosha. Uzito wote uko nyuma, alisema, na mabawa yako mbele. Upepo utaikamata kichwani na kuigeuza, na kitu hiki chenye moto kitarudi kuwatafuta hao waliokaa kwenye viti. Hairuki hapa. Akamwuliza Elphas kama ameelewa.

"Yes, ma'am," Elphas akasema. "I know."

Hakushtuka wala hakuuliza swali. Kethia aligeuka akamtazama, lakini yeye alikuwa tayari anatembea kuelekea gari lake, na hatua zake zilikuwa nyepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akafungua buti. Akainua blanketi. Akatoa roketi nyingine.

Ilikuwa ndefu, nyeupe, nyembamba, bila mabawa mbele, bila miguu. Mapezi matatu ya plaiwudi yalikaa mkiani kama yameota hapo. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba hii ndiyo aliyokuwa akiiota siku ile mezani kwangu. Yule mama wa kofia aliilaza juu ya kidole, akatabasamu, akatia saini yake.

"Nilifikiria tu iwe backup, Auntie," Elphas akaniambia alipopita mbele yangu. Alikuwa anatabasamu. Nikalitambua tabasamu lile la Vital, na damu ikanichemka. Yaani kijana huyu alikuwa ameniachia niamuru, akamwachia mtoto wangu apige msasa mpaka vidole vikachubuka, kisha akasubiri mgeni mwenye kofia ya nyasi aje aniambie lile hapana aliloshindwa kulisema yeye.

Waliirusha. Ilipanda wima, ikawa sindano, ikawa nukta, ikapotea. Juu kabisa ukafunguka mwavuli wa rangi ya chungwa, ikaanza kushuka polepole kwenye anga tupu. Watu wote walisimama kupiga makofi. Mzee mmoja alikuja kumpa Elphas mkono. Sikuwahi kuona kitu cha mkono wa mtu kikiruka vizuri hivyo, na sikuwahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yeye dakika ile.

Kethia hakupiga makofi. Alisubiri mpaka Elphas aliporudi kutoka majanini, ameikumbatia roketi yake, ana jasho na furaha.

"Ulijenga hii lini?" akamwuliza.

"Zile weekend, babe. Ilikuwa kama surprise."

"Zile ulisema uko on call?"

"Wacha ni-explain. Sikutaka Auntie aone vibaya."

"Ulijengea wapi? Kwako hakuna meza."

Elphas aliangalia roketi. Alifuta jani lililonasa kwenye pezi.

"Kwa mum," akasema. "Houston."

Nilikuwa nimeandaa maneno yangu tangu Jumapili ya miguu ya chuma, maneno ya kutosha kumsindikiza mpaka kwao. Nilifungua mdomo. Lakini Kethia aliinua mkono kidogo tu, bila kunitazama, nikaufunga. Sijawahi kumwona usoni namna ile. Hakuwa analia. Alikuwa anafanya hesabu fulani, na ilikuwa inamjia sawasawa, na kila ilivyokuja ilimwumiza.

"Elphas," akasema, "ile nyumba ya Mansfield. Maman yako anaijua? Ao nayo iko na ya pili kwenye buti?"

Upepo ulikuwa unavuma kwenye majani, na nyuma yetu mtu alikuwa anahesabu kwa kipaza sauti kurudi nyuma mpaka sifuri. Nilimkodolea macho yule kijana. Nilingoja aseme sawa, hakuna shida, nita-modify. Alimtazama Kethia, akanitazama mimi, akaitazama simu iliyokuwa mfukoni mwa shati lake kana kwamba mama yake angemwambia la kujibu. Koo lilipanda, likashuka.

Kethia alirudi kwenye meza ya ukaguzi. Ile roketi yetu mbaya ilikuwa bado imesimama pale kwa miguu yake ya chuma, na mabawa yake ya samawati aliyoyapaka mara mbili. Akaichukua. Akapita mbele ya gari la Elphas bila kusimama, akafungua mlango wa langu, akailaza kwenye kiti cha nyuma, akakaa mbele na kufunga mkanda.

Nilimwacha Elphas pale pale alipokuwa. Sikumuaga. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi ulinikaa kooni kama mfupa, maana aliyekaa kando yangu alikuwa anavipapasa vidole vyake vilivyochubuliwa na msasa.

"Tantine," akasema nilipowasha gari, "usiseme kitu. Mpaka nyumbani, usiseme kitu."

"Sawa," nikamwambia, na nikanyamaza kweli mpaka Grand Prairie.