Maji Katika Makopo ya Kabati

Kila Alhamisi asubuhi Shamsa alifika ghalani kwa Ami Hussni, mjini Kismayo, na dumu la maji ya bahari na kitambaa. Alifungua kufuli, akaondoa turubai, akapangusa kitanda, kisha meza, kisha kasha la marehemu mama yake. Mwisho alijaza makopo. Kila mguu ulisimama ndani ya kopo la maziwa ya unga, makopo kumi na mawili kwa jumla, ili mchwa wasipande. Watu wa mjini hutia mafuta ya taa. Shamsa ni mtu wa kisiwani Chovae, na kwao maji ya kisima hayatoshi hata kunywa, kwa hivyo makopo ya vitanda hutiwa maji ya bahari.

Vyombo hivyo vilikuwa vikingoja nyumba. Mwaka 1991, walipokimbilia Mombasa, mama yake alivifungua vipande vipande akavipakia mashuani. Sasa Shamsa alikuwa amevirudisha, na nyumba ilikuwa ikijengwa Chovae juu ya msingi ule ule wa zamani. Ami Hussni, binamu wa baba yake, alimpa nafasi ghalani. Ujenzi ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza fundi Athmani alisubiri boriti. Wa pili, saruji ililowa njiani. Huu wa tatu kuta zilifika kimo cha madirisha, zikabaki hapo.

"Bado kidogo, dada," alisema fundi kila alipopigiwa simu.

Mwezi wa nne tangu vyombo viwekwe, maji ya makopo yalianza kujaa na kupwa. Bahari ilipojaa yalipanda hadi ukingoni. Ilipokupwa yalishuka, yakaacha mstari wa chumvi kwenye mbao. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, yalimwagika. Shamsa alitafuta makopo marefu zaidi. Ami Hussni alihamishia magunia yake ya mchele upande wa pili wa ghala, na mambo yakaendelea.

Alhamisi moja kabla ya mvua za masika, Eedo Hodan, mke wa Ami Hussni, alimwita sebuleni.

"Njoo uone, abaayo, dada yangu. Maji yako yamefika kwangu."

Sebuleni kulikuwa na kabati la mvule lenye droo mbili. Shamsa alikuwa hajawahi kupita zaidi ya ghala. Mgeni wa ghalani kama yeye aliishia uani. Miguu ya kabati nayo ilikuwa makoponi, na Hodan alikuwa ametia mafuta ya taa, kama mwanamke yeyote wa mjini. Sasa mafuta yalielea juu ya maji ya bahari na yote mawili yalikuwa yakimwagikia zulia. Katika chumba cha pili, makopo ya kitanda cha Hodan yalikuwa yametulia.

Shamsa alichuchumaa, akashika droo ya chini.

"Hiyo usijisumbue," alisema Hodan. "Tangu niolewe haijafunguka."

Shamsa aliinyanyua upande wa kushoto, akaisukuma ndani kidogo, ndipo akaivuta. Ikafunguka. Ndani mlikuwa na kijiti cha wanja na kandambili moja ya mtoto, ya mguu wa kulia. Ya kushoto Shamsa aliivaa hadi Mombasa, akiwa na miaka saba.

Hodan alitazama kandambili, akatazama mguu wa Shamsa, akaenda kuchukua tambara.

Ami Hussni alirudi kutoka msikitini, akavua viatu, akaviweka mbali na maji.

"Ami, hili ni kabati la mama."

"Najua. Mlipoliacha Chovae, nilipeleka mashua nikalichukua kabla ya wezi. Niliwawekea."

"Miaka thelathini na minne?"

"Kichu cha wachu huwekwa mpaka wenyewe waje. Si nakuwekea na vile vya ghalani? Una mchwa hata mmoja?" aliuliza Ami Hussni kwa Kibajuni chake.

"Mimi nimekuja. Mwaka wa tatu huu nakuja kila Alhamisi. Hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Na mimi uliniambia ulilichongesha kwa harusi yetu," alisema Hodan, akikamua tambara. "Nikawatambia hadi dada zako."

"Nyamaza, mwanamke."

"Nipe basi, Ami," alisema Shamsa.

"Ulipeleke wapi? Kabati la nini kwa mchu asiye na paa? Ezeka kwanza." Alikanyaga zulia kwa kidole cha mguu, likatoa maji. "Kesho wageni wanakuja kumposa binti yangu Nadia, na zulia limeharibika. Niombe radhi, yaishe. Ama vyombo vyako vitoke leo."

Shamsa hakuwa na ghala jingine. Alikuwa amepanga chumba kimoja ambamo kitanda kile kisingeingia mlangoni, na mawingu ya masika yalikuwa tayari juu ya mji. Alitia kandambili kwenye mkoba, akafunga droo.

"Siombi," alisema.

Vyombo havikutoka. Kuvitoa kungewafanya majirani waulize sababu, na Ami Hussni hakupenda maswali wiki ya posa. Kabati nalo halikutoka. Kesho yake, maji yalipojaa, wageni waliinua miguu yao, wakaendelea kunywa chai, na mahari ikakubaliwa. Droo ya chini haikumfungukia mtu tena. Hodan alijaribu kunyanyua upande wa kushoto kama alivyoona, haikumkubali.

Masika yalipita. Fundi Athmani alisema bado kidogo. Shamsa aliendelea kuja kila Alhamisi na dumu lake, akijaza makopo kumi na mawili ya ghalani, kisha, kwa kuwa Hodan humfungulia mlango, na manne ya sebuleni. Ami Hussni humngoja pale pale kitini, miguu juu ya kigoda.

"Leo je, mwanangu? Radhi yangu?"

"Inua miguu, Ami," husema Shamsa. "Leo pia siombi."