Mgeni Asiye na Neno

Aliyesema mgeni njoo mwenyeji apone hakuwahi kukaa kwenye kamati ya shule. Kamati ya shule moja ya msingi karibu na Roret ilikuwa ikimtafuta mgeni wa heshima wa sherehe ya miaka hamsini tangu saa sita, na kufikia saa nane, mvua ilipoanza kupiga mabati, ilikuwa imeshazika majina manne.

Mbunge angekuja na kampeni yake. Meneja wa shamba la chai angezomewa na wazazi kwa sababu ya zile mashine za kuchuma zilizowanyang'anya kazi. Askofu naye, askofu wa kanisa lipi? Na yule mwanariadha maarufu, lo, si amefungua baa mkabala na lango la shule!

Kanuni ilikuwa ya mwenyekiti, Mzee Kipkirui. Mwaka mmoja walimwalika bwana mwenye kesi ya shamba na mzazi wa darasa la nne, sherehe ikaishia kwa kurushiana viti. Tangu hapo, jina likitajwa, mwenyekiti huanza na nafsi yake, kisha humuuliza kila aliye chumbani kama ana neno na mtu huyo, yaani kinyongo. Mmoja akisema analo, jina limekufa, na sababu haitoki nje ya mlango.

Phelis Gesare, karani wa shule, aliandika kumbukumbu kwa utulivu mpaka Mama Charity, mwenye duka la mbolea, alipopiga meza.

"Si tumwite Mwalimu Ombati! Si yeye ndiye alifanya hii shule ijulikane?"

Chumba kikachangamka. Ombati, mwalimu mkuu mstaafu, aliyewatoa watoto wa wachuma chai kwenye majani akawafikisha chuo kikuu!

"Na ni mtu wenu, Mama Janefer," Mama Charity akamwambia Gesare akicheka. "Nyinyi Wakisii mtafurahi sana."

Gesare akatabasamu kwa meno tu.

Gesare alikuwa darasa la sita katika shule hii hii. Ombati alimwita ubaoni afanye hesabu ya kugawanya, akakosea, akala kofi. Lilikuwa kofi moja tu. Kitu kikapasuka sikioni na damu ikachuruzika mpaka kwenye kola. Jioni baba yake, bado amevaa aproni ya plastiki ya kuchumia, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema mwalimu ni mzazi, na mzazi hashtakiwi. Mwaka huo shule iliongoza tarafa nzima. Sikio la kushoto halijasikia kitu tangu siku hiyo. Kamati inajua tu kwamba karani wao hupenda kukaa mwisho wa meza upande wa kushoto, na leo paa lilivuja pale, akalazimika kukaa kulia.

Sasa binti yake Janefer, wa kwanza darasani, angepanda jukwaani ainamishe kichwa apokee zawadi. Kutoka mkono ule ule.

"Mimi sina neno," mwenyekiti akaanza. Akageukia wa pili. "Uko na neno?"

"Sina."

"Wewe?"

"Sina, mzee."

Zamu ilikuwa inamjia. Watasema nini? Mzee wa watu, tena wa kabila lake, na jambo lenyewe la miaka ishirini na mitano! Na mkataba wake wa kazi hutiwa sahihi na Kipkirui huyu huyu kila Januari. Sina neno. Ni maneno mawili tu, na ameyasema maisha yake yote.

Akaona midomo ya mwenyekiti ikimuuliza.

"Niko na neno," akasema.

Mvua ilivuma. Hakujua kama wamenyamaza au wanamsema upande wa kushoto, ikabidi ageuze kichwa chote. Walikuwa wamenyamaza.

"Alinipiga kofi darasa la sita." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hii sikio haisikii. Na mtoto wangu apewe zawadi na huo mkono? Siwezi kuangalia hiyo kitu."

"Lakini madam, si sote tulichapwa?" Mama Charity akasema polepole. "Na si ndiyo tukasoma?"

Gesare akamtazama mwenyekiti. Kipkirui alikuwa katika kundi la kwanza kabisa la wanafunzi wa shule hiyo, na Roret nzima inakijua kidole chake kidogo kisichonyooka, kilichovunjika alipoanguka na baiskeli akipeleka chai sokoni. Hata mkewe anaisimulia hadithi hiyo.

Mzee akauweka mkono mezani.

"Hakukuwa na baiskeli," akasema. "Ilikuwa rula ya mbao, ya Ombati huyo huyo. Nilikuwa na miaka kumi na mbili."

Akakielekeza kidole hicho kwenye kitabu cha kumbukumbu.

"Andika, madam. Wenye neno ni wawili."

Gesare akaandika. Alipoinua kichwa, Mama Charity alikuwa amesimama upande wa kushoto wa meza, amekiweka kiti chake mwenyewe kando ya pale palipovuja, anamngoja Gesare aje akae.