Mpaka Mwenyewe Aushike Mnazi

Mume wangu Mbwana alianguka kutoka juu ya mnazi asubuhi moja akiangua nazi za arusi ya watu. Haukuwa mnazi mrefu. Shambani kwetu Mtongwe iko mirefu kuliko huo, na yote ameipanda tangu hajaota ndevu. Lakini huo, ulio kando ya njia ya kwenda kwa jirani yetu Mishi, ulikuwa na utelezi wa mvua ya alfajiri. Na yeye alikwisha kuambiwa na mwanawe Jafar, na mimi, na hata imamu, kwamba umri wake si wa kupanda tena. Akatujibu, "Wa mwisho huu." Kweli ukawa wa mwisho.

Alivunjika paja. Tukamvusha kwa feri, na hospitalini ng'ambo wakamtia chuma ndani ya mguu. Siku ya kutoka tukapewa fremu ya kutembelea, ya mabomba mepesi, yenye miguu minne. Daktari akatuambia wazi: mfupa utaunga, lakini mzee asipousimamia mguu na kuutembelea mapema, utakakamaa, na ukishakakamaa atakuwa mtu wa kitandani maisha. Maneno hayo niliyashika njia nzima. Tulipofika nyumbani yakanitoka.

Yalinitoka kwa sababu watu walikuwa wamejaa. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Mishi alikuwa ameufagia ua wote na kubandika uji. Vijana wa msikitini walimtoa Mbwana garini wakambeba mpaka kitandani bila kumtikisa, kama watu waliobeba mayai. Mzee mmoja alitazama kitanda, akatoka, akarudi na mto wake mwenyewe kutoka kwake, maana aliiona mito yetu imelala. Mwenye mto ule bado namwombea dua. Tangu hapo haikupita siku bila mtu kubisha hodi na bakuli lililofunikwa kawa: leo mkate wa sinia, kesho samaki wa kupaka.

Na mimi nikazidi. Nilimnawisha, nilimlisha, nilimgeuza ubavu huu na huu. Ile fremu niliiweka nyuma ya mlango nikaifunika leso yangu ya kujitanda, isije ikamtia huzuni.

Mazoezi alikuja kumfanyisha Dorothy, aliyetumwa na hospitali, binti wa bara anayekaa Changamwe, mwenye mikono ya nguvu na sauti ya mtu aliyezoea kuimba kanisani. Siku ya kwanza alinikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda na kijiko mkononi.

"Shikamoo mama. Baba alivunjika wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Pajani."

"Na mkono?"

"Mkono hauna neno, alhamdulillahi."

"Sasa mbona kijiko umeshika wewe?"

Mbwana, wali umejaa kinywani, akamjibu, "Kwa sababu wali wa mkononi mwake mtamu. Kwani wewe huna mume?"

"Ninaye. Na akinifungulia mdomo hivyo, namwekea ndimu."

Tulicheka mpaka Mbwana akapaliwa. Lakini alipomaliza kumnyoosha, Dorothy aliniita uani, na huko hakucheka.

"Mama, nimeona wazee wengi wakipendwa hivi. Hawaamki. Kila kitu ukimfanyia, mguu unaona hautakiwi tena. Akisimama, wewe mikono yako weka nyuma. Nitakuonyesha pa kumshika akianza kuanguka. Lakini usimshike kabla hajaanguka."

"Nimwangalie tu?"

"Umwangalie tu. Najua ni ngumu kuliko kumbeba."

Nikajaribu. Kijiko alikishika mwenyewe bila ugomvi, ila alinitazama kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kusimama ndiko kulikokuwa kazi. Dorothy akiwapo alisimama, midomo ikamkauka, jasho likamtoka, akarudi kukaa. Dorothy akiondoka hakusimama kabisa. Leo jua kali. Leo kibaridi. Leo Ijumaa. Mimi nilisubiri, maana kusubiri nakujua, lakini kila nilipomkanda niliuona mguu wake unavyopungua, umekuwa kama mchi wa kutwangia tangawizi. Hofu ikaniingia. Nilimwona Mbwana wangu amelala hapo mpaka mwisho wake, na mimi ndiye niliyemtandikia.

Alasiri moja nikimpaka mafuta ya nazi aliniambia, macho yake darini, "Mama Jafar, mimi nikisimama, chini ni mbali."

"Mbali vipi?"

"Mbali. Huko juu ya minazi sikupata kupaona mbali namna hiyo."

Sikumcheka. Niliendelea kumpaka mpaka mafuta yakaisha kiganjani.

Wakati huo wote minazi haikuwa na mwanguaji. Nazi zilikauka zikawa zinaanguka zenyewe. Moja ilitoboa paa la banda la kuku la Mishi, naye akaja nayo mpaka kitandani.

"Mwenye mali, mali yako hii. Imeingia kwangu bila hodi, na mtetea wangu imemkosa kidogo tu."

"Imeusikia ulimi wako ikakwepa," Mbwana akamwambia.

"Wallahi, mguu umevunjika lakini mdomo mzima!"

Walitaniana, ila niliona hana raha. Chini ya mnazi ule ule uliomwangusha ndipo wanapopita watoto wakienda chuoni kusoma Kurani. Nikatuma mtu amwite Kaingu.

Kaingu ni mkwezi, mtu wa asili ya Kaloleni, ametukwelea mara nyingi Mbwana alipokuwa na homa. Alikuja na panga lake kiunoni, akaingia kwanza kumpa pole mgonjwa, akaketi, akautazama ule mguu kwa muda. Kisha akatoka akapanda minazi yote, mmoja baada ya mmoja, mpaka ua ukajaa nazi. Mnazi wa njiani akauacha.

"Na ule?" Mbwana akamwuliza kupitia dirishani.

"Ule sipandi, mzee."

"Kwa nini?"

"Mnazi ukishamwangusha mtu, mwingine haupandi mpaka mwenyewe aje aushike kwa mkono wake. Uone kuwa hana kinyongo nao."

"Astaghfirullah! Wataka nikazungumze na mti?"

"Usizungumze. Ushike tu."

"Desturi ya wapi hiyo?"

"Ya kwetu Kaloleni."

"Nimekaa na watu wa Kaloleni tangu mdogo, sijaisikia."

"Hukuwa umeanguka bado."

Mbwana akamfukuza. Kaingu akasema haya, akanywa chai yake taratibu, akaenda zake. Kesho yake akapita tena, akaketi barazani, akauliza kwa adabu, "Mzee tayari?" Mbwana akapiga kelele kuwa yeye si gari, hana tayari. Keshokutwa yake hivyo hivyo. Mimi nilimpa chai na mhogo wa kuchemsha. Nilikuwa nawaza, mtu huyu ana minazi ya watu wangapi inayomngoja, na bado yuko hapa barazani kwangu.

Asubuhi hiyo hiyo tukasikia kishindo cha nazi njiani, kisha kimya. Sauti za watoto wa chuoni zilikuwa zimekatika zote kwa pamoja. Halafu mmoja akacheka, wakacheka wote, tukasikia miguu yao inakimbia.

Mbwana alikuwa ameshika ubao wa kitanda kwa mikono miwili.

"Lete hilo libomba lako," akaniambia.

Nikaliondolea leso. Alisimama. Akatoka mlangoni, akashuka kizingiti, fremu mbele, mguu mzima, mguu mgonjwa. Mimi nikafuata ubavuni, mikono nyuma, nimezishika ncha za leso yangu nikizikamua kama nafua. Alifika kati ya nyumba na mnazi, hapo mchanga unapoanza kuwa laini, akasimama. Fremu ikaanza kutetemeka.

"Mwanasaumu."

Jina langu huwa halitaji ila pakiwa pazito.

"Chini mbali," akasema.

Kaingu alikuwa ameshatangulia mnazini. Alipoona hivyo akatugeuzia mgongo, akashughulika na panga lake kana kwamba ndiyo kwanza alione lina kutu. Nami nilijua nikimshika Mbwana pale, nitamrudisha kitandani, na safari nyingine haitakuwapo. Nisipomshika, nimwambie nini?

Nikampita, nikasimama mbele yake, nikakusanya leso yangu, nikakaa chini mchangani. Kukaa kwenyewe ilikuwa kazi, maana magoti yangu siku hizi hayanisikii. Nikanyoosha miguu.

"Mimi nimeshafika," nikamwambia. "Si mbali."

Akanitazama. Nilikuwa na leso nzuri, ile aliyoniletea Jafar kutoka Nyali anakofanya kazi, na nimeitia mchanga.

"Mwanamke wewe! Na nani atakuinua hapo?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Yupo mwingine? Kaingu si maharimu yangu, haruhusiwi kunishika."

Kaingu huko alipo mabega yakamtikisika. Mbwana akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kifuani ambacho sikuwa nimekisikia tangu aanguke, nikaogopa kitamwangusha. Hakikumwangusha. Fremu ikaja mbele. Mguu mzima ukaja. Mguu mgonjwa ukaja. Akanifikia, akaikita fremu mchangani, akailalia kwa uzito wake wote isipinduke. "Haya, shika," akasema. Nikashika bomba, nikajivuta, na kila nilipovuta yeye alizidi kukandamiza, mpaka nikawa nimesimama, uso wangu na wake, sote tunahema.

"Mzito wewe," akaniambia.

"Nimekula vyako."

Kutoka hapo mpaka mnazini hakusimama tena. Akauweka mkono wake kwenye shina na kuuacha hapo. Sijui alisema nini, midomo ilicheza lakini sauti haikutoka. Halafu akamgeukia Kaingu. "Haya, panda, mzushi wewe."

Kaingu akapanda. Na Mbwana, aliyekuwa hataki hata dirisha lifunguliwe sana, akasimama mbali kidogo ameinua uso, anaamrisha. "Hilo la upande wa kibla bado koroma, halijakomaa, liache! Wewe Kaingu! Nimekwambia koroma hilo!"

"Rudi nyuma zaidi, mzee, zitakuangukia!"

"Nirudi wapi tena? Ndiyo kwanza nifike!"

Mishi alitoka kwake kwa zile kelele. Alimwona amesimama. Aliingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka nyuma ya Mbwana, karibu lakini bila kumgusa, akaenda zake. Nikamshukuru moyoni, maana mimi kiti sikukikumbuka.

Kurudi nyumbani kulichukua muda mrefu, na usiku mguu ulimuuma akalalamika. Sikumzuia kulalamika.

Baadaye nilipata kuwauliza wakwezi wengine habari za desturi ile. Niliuliza wa Kaloleni, nikauliza na wa Kwale. Hakuna aliyeijua. Mmoja akanitazama kama mtu aliyeanza kupotewa na akili. Mbwana sijamwambia, na nadhani naye amekwisha kuuliza, hajaniambia. Kaingu akija humkirimu kuliko wageni wote.

Dorothy alipokuja tena alipitiliza mpaka chumbani, kama ada yake. Nikamsikia ameita, "Mama! Mama! Mgonjwa yuko wapi?"

"Kwa Mishi. Analitia kiraka banda la kuku."

"Nani amempeleka?"

"Amekwenda."

Dorothy akarudi sebuleni polepole. Kupitia dirishani tulimsikia Mbwana akigombana na Mishi juu ya misumari, huyu asema mirefu, huyu asema mifupi. Dorothy akakaa kitini, akavua viatu, akaniomba chai. Nikammiminia, tukanywa, hakuna aliyekwenda kumwita.