Gari Lililokamatwa na Mtani

Mtu akikwambia breki ni breki tu, muulize anaendesha nini. Kama ni baiskeli, msamehe. Tomasi hakuwa na baiskeli. Alikuwa na Land Cruiser ndefu yenye mkonga wa kuvutia hewa, mbele ngao ya chuma iliyochomelewa hapahapa mjini, juu keria ya kubebea mikungu ya ndizi, chini tangi la pili la dizeli, ndani mabenchi mawili ya mninga. Likiwa tupu lilikuwa zito. Likijaa watu ilikuwa nyumba inayotembea. Na Ijumaa ile asubuhi nyumba hiyo ilikuwa imepandishwa juu ya magogo kwenye gereji ya Salum, Kihonda, Morogoro, haina magurudumu ya mbele.

Kesho yake, Jumamosi saa nane mchana, Jesca alikuwa anafunga ndoa kanisani mjini. Jesca ni binti wa Regina, dada yake Tomasi, na kwa Waluguru mtoto wa dada ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote. Bibi harusi alikuwa juu milimani, kupita Mkuyuni, kwa bibi yake, mama yao Tomasi na Regina, na huyo bibi miguu ilishamkatalia. Mjomba ndiye wa kuwashusha. Mpango ulikuwa Tomasi apande Ijumaa mchana, alale huko, alfajiri ateremke nao. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima; gari la kukodi lisingefika hata nusu ya njia.

Sasa breki zinapiga kelele tangu Jumatano, na Tomasi amesubiri hadi Ijumaa kuzipeleka kwa fundi. Ndivyo alivyo. Ukimuuliza atakwambia alikuwa na shughuli nyingi.

"Njoo uone, Mluguru," Salum aliita kutoka chini ya gari. "Hizi si diski tena, hizi ni chapati za mama ntilie aliyeishiwa unga."

Salum alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa miaka mingi, mkubwa kwa Tomasi kwa umri, lakini Tomasi hajawahi kumpa shikamoo. Ya nini? Walikuwa watani. Mnyamwezi na Mluguru wanataniana tangu enzi za babu zao, na hawa wawili walikuwa wanaufanyia kazi utani huo kila siku ya Mungu. Salum alisema Waluguru wana mguu mmoja mfupi kwa kulima kwenye miteremko. Tomasi alisema Wanyamwezi walipita Morogoro wamebeba mizigo ya watu, wakaitua kupumzika, wakasahau njia ya kurudi kwao. Hata msibani hawakuachana. Miaka mitatu nyuma alipofariki Fransisko, mtoto wa mama mkubwa wa Tomasi, aliyetumbukia na gari lake korongoni kwenye kona ya daraja la magogo, Salum ndiye aliyefanya kazi ya mtani. Alivaa koti la marehemu, akashika sinia kama usukani, akaendesha uani akipiga honi kwa mdomo mpaka mjane mwenyewe akacheka. Mwisho akakwangua ukoko kwenye sufuria la ubwabwa, akaufunga kwenye jani la mgomba, akaenda kuuweka juu ya kaburi. Watu walishika mbavu. Tomasi alicheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka, hakumbuki vizuri.

"Tafuta diski nene, za gari zito," Salum alisema sasa, akijifuta mikono. "Na pedi zake zilezile. Kuna za gari jepesi zinazoingia hapa bila shida, matundu yaleyale, upana uleule. Ukiniletea hizo mimi sina neno. Nitakula mara mbili: pilau la harusi, na ubwabwa wa matanga."

"Mnyamwezi na tumbo lake," Tomasi alijibu akicheka, akabeba diski moja ya zamani kwenye kiroba, akaondoka.

Saa tano tayari. Duka la kwanza hawana. La pili wanazo za nyuma. La tatu muuzaji amekwenda kuswali Ijumaa na saa bado, jamani, saa bado! Tomasi alipanda bodaboda, akashuka, akapanda nyingine. Kiroba kilimkata bega. Simu ikaita.

"Umefika wapi?" Regina aliuliza.

"Nipo njiani."

Uongo mtupu. Alikuwa amesimama juani mbele ya duka la Shadia, mama mmoja mpole anayejua spea kama wengine wanavyojua majina ya watoto wao.

"Shikamoo, kaka Tomasi."

"Marahaba. Diski, dada yangu, diski. Za hii." Akaitua, kaunta nzima ikatikisika.

Shadia aliipima unene kwa kipimo chake cha chuma, akatikisa kichwa, akatoa boksi mbili za diski na moja la pedi. Akaweka diski moja mpya juu ya ile ya zamani. Matundu yalilingana. Upana ulilingana.

"Inaingia," Shadia alisema. "Lakini nisikudanganye. Hii ni ya gari jepesi. Tazama ubavuni, nafasi ya kupitisha hewa ni ndogo. Ikipata moto mteremkoni haipoi upesi. Nene ninazo Dar, kwa mwenzangu. Nikimpigia sasa anatia kwenye basi la asubuhi, saa nne kesho unazichukua Msamvu."

"Kesho saa nne nipo mlimani, Shadia."

"Basi ndiyo hivyo."

Tomasi alichukua pedi, akaikwangua kwa ufunguo wa nyumba. Unga mweusi ukamwagika kaunta kama majivu ya sigara, dalili ya pedi dhaifu. Aliuona. Tusimtetee, aliuona kwa macho yake mawili, na moyo ukamwambia rudisha. Simu ikaita tena. Regina. Mpishi anataka kujua ndizi zinashuka lini. Bibi anauliza kama mjomba wa watu amekufa. Jesca ameanza kulia.

"Nifungie hizi," Tomasi alisema. "Nitateremka polepole, gia namba moja. Nikirudi tutabadilisha."

Shadia alimtazama kidogo, kisha akafunga boksi.

Saa nane kasoro alikuwa gereji. Salum alifungua boksi, akatoa diski, akaitazama ubavuni. Akachukua pedi, akaikwangua kwa kucha. Akairudisha.

"Mluguru, ndugu zako wanakuchukia?"

"Funga, Mnyamwezi. Nimechelewa."

"Kaburi umeshachimba au nikusaidie? Maana Mluguru hata kaburi analichimba limeinama."

"Salum, funga! Utani baadaye."

"Sifungi."

Hapo ndipo Salum alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliinama, akanyanyua gurudumu moja la mbele, akalipeleka ofisini kwake, kijumba cha mabati chenye kufuli. Akarudi akalichukua la pili. Kisha akachomoa ufunguo wa gari mahali pake, akautia mfukoni, akapanda juu ya pipa la oili na kupaza sauti mtaa mzima usikie.

"Nimekamata! Gari la Mluguru nimelikamata mimi mtani wake! Harusi haiendi mpaka likombolewe!"

Mafundi wakapiga makofi. Mama muuza karanga akapiga kigelegele. Maana hiyo ni haki ya mtani, kila mtu anaijua: kwenye shughuli anaweza kukamata sufuria, kiti, hata bwana harusi mwenyewe, na wenye shughuli wanakomboa kilichokamatwa huku wanacheka. Na aliyekamatiwa kitu haruhusiwi kukasirika. Ukimkasirikia mtani umejivua nguo.

Tomasi alijilazimisha kutabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa chungu kama shubiri.

"Haya, bwana mkubwa. Kreti moja ya soda."

"Sitaki."

"Kuku. Jogoo mzima."

"Huyo jogoo wa Kiluguru atakuwa kilema. Sitaki."

"Unataka nini?"

"Diski nene na pedi zake. Nilipoingia ofisini nimempigia Shadia, zinapanda basi asubuhi. Zikifika nakufungia bure, kisha ndiyo umejikomboa."

Kumbe! Tomasi alisikia masikio yanapata moto. Simu ikaita, akapokea bila kutazama.

"Gari limekamatwa na mtani," alimwambia Regina.

"Sasa si umpe kuku?"

"Kakataa kuku!"

"Mpe mbuzi! Tomasi, padri amesema kesho saa nane akikosa watu anakwenda kigangoni, hanisubiri mimi. Mwanangu atakosa ndoa kwa ajili ya Mnyamwezi?"

Tomasi alikata simu. Alimwendea Salum, akamshika kola, akamshusha kwenye pipa. Makofi yakakoma.

"Nipe ufunguo. Huu si utani tena, unasikia? Unanifedhehesha mbele ya dada yangu. Mwanamwali analia huko! Unajua wewe maana ya kuwa mjomba? Huu si utani!"

Mafundi wote wakageuka. Aliyekuwa akigonga mwisho wa uani akaacha kugonga. Tomasi mwenyewe alishtuka kusikia alichokisema, lakini kimeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Salum hakujinasua. Aliongea taratibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akamwita kwa jina lake.

"Umesema kweli, Tomasi. Si utani. Nilitaka ubaki utani kwa sababu ndiyo njia niliyonayo kwako, nikikwambia jambo kavukavu unanuna. Kaa chini."

Tomasi hakukaa. Aliachia kola.

"Fransisko alikuja hapa na pedi kama hizi," Salum alisema. "Naye alikuwa na haraka. Nikamwambia kama nilivyokwambia wewe asubuhi: ukifunga hizi nitakuja kula ubwabwa wako. Akacheka. Akanipiga bega, akasema, mtani wangu, ukija kula ubwabwa wangu uniachie ukoko. Nami nikacheka. Nikazifunga. Kwa mikono hii."

"Fransisko aliteleza kwenye matope," Tomasi alisema.

"Nyinyi mlisema matope. Mimi ndiye niliyekwenda kulivuta lile gari korongoni. Pedi zilikuwa zimeungua zimekuwa mkaa."

Tomasi alikaa chini, juu ya tairi bovu. Alikumbuka uani kwa marehemu, koti, sinia, honi ya mdomo. Alikumbuka lile jani la mgomba juu ya udongo mbichi na watu walivyoshika mbavu, yeye wa kwanza. Miaka mitatu amekuwa akisimulia kichekesho kile kwenye vijiwe.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mtani akisema kweli nani anamwamini?"

Usiku ule Tomasi hakulala, aligeuka kitandani kama samaki kwenye kikaango. Alikuwa amemwambia Regina ukweli wote kwa simu, na Regina akasema atampigia padri simu amwombe kwa machozi. Padri alikubali saa kumi. Saa kumi na dakika moja, alisema, anaondoka.

Saa mbili asubuhi Tomasi alikuwa tayari stendi ya Msamvu, anatembea huku na huku mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza mtu. Basi liliingia saa nne na robo. Alibeba maboksi kifuani kama mtoto mchanga, na yalikuwa mazito kweli. Salum alifunga kimyakimya, akakaza, akatoa upepo kwenye breki, akamchukua wakaenda kidogo barabara ya Dumila, wakaongeza mwendo na kukanyaga, kuongeza na kukanyaga, mpaka pedi zikaizoea diski. Kisha Salum akahamia kiti cha nyuma bila kualikwa. Hakutania hata mara moja. Mpaka Mkuyuni hakutania, mpaka juu kwa bibi hakutania, na Tomasi aliona afadhali angetukanwa.

Walipakia harakaharaka: Jesca na shela lake limekunjwa mapajani, Regina, bibi, mashangazi, mikungu ya ndizi juu. Saa nane na nusu. Njia ilikuwa utelezi, na gari lilivyojaa lilikuwa linasukumwa na uzito wake lenyewe. Kona baada ya kona Tomasi alikanyaga, na kila mara gari lilitii.

Walipofika kona ya daraja la magogo alikanyaga mpaka mwisho. Gari zito lile, na watu wake kumi na mmoja na ndizi zake, lilisimama tuli juu ya mteremko. Upande wa kushoto korongo lilikuwa palepale, migomba mipya imeota ndani yake. Tomasi alishika usukani kwa mikono miwili.

"Umesimama nini?" Regina alifoka. "Tumechelewa!"

Nyuma kabisa, kutoka katikati ya mashangazi, ikasikika sauti ya Salum.

"Mwache Mluguru apumzishe mguu wake mfupi."

Mashangazi wakaangua kicheko. Tomasi alimtafuta kwenye kioo, akamwona ameegemea dirisha, anatazama kule chini korongoni, macho yamejaa maji.

"Mnyamwezi," Tomasi alisema, "leo ukoko tunakula wote wawili."

Salum aliitikia kwa kichwa. Regina akauliza ukoko gani tena na watu wana haraka. Tomasi akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akaachia breki polepole, wakaendelea kuteremka.