Mkaratusi wa Tatu

Gogo lilikuwa limelazwa mbele ya msumeno, na kwenye uso wake uliokatwa, katikati ya wekundu mwepesi wa mti, palikuwa na doa la bluu iliyokolea, pana kama kiganja. Grégoire, fundi wa kupasua mbao, alipitisha kidole juu yake, akakinusa, akageuka.

"Venant, kuja uone. Huu muti ulikunywa wino?"

Venant aliweka tupa chini. Kazi yake ilikuwa kunoa misumeno, na kwa miaka kumi na minane alikuwa ameona doa la namna ile mara mbili tu. Mzungu aliyemfundisha kazi ndiye aliyemweleza: chuma kikikaa muda mrefu ndani ya mti, utomvu hugeuka rangi. Hakuna mwingine pale aliyewahi kuambiwa hivyo.

"Ni maji ya muti tu," alisema. "Itakauka."

Ulikuwa uongo, na Venant alijua kwamba uongo huo ungeweza kumuua mtu kabla ya saa sita mchana.

Mji huo wa kupasua mbao, juu ya Kavumu, ulikuwa na jina la Kishi, lugha ya wenyeji, lakini watu wote waliuita Siyeri, kwa jina la Kifaransa la kiwanda cha mbao kilichowakusanya. Mzungu alikuja na mashine, akapanda mikaratusi kando ya barabara, akajenga nyumba za mabanzi na kanisa dogo, na kwa muda mrefu filimbi ya kiwanda ndiyo iliyowaambia watu lini waamke na lini wale. Kisha serikali ilivigawa viwanda vya wageni kwa wananchi, na Siyeri ikamwangukia mmoja wao, Citoyen Modeste, mwenye nyumba ya kupendeza Muhumba, mtaa wa matajiri mjini, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amefika mara nne, mara zote amevaa viatu visivyojua matope. Malori yalikufa moja baada ya jingine. Magogo ya msituni yakabaki msituni. Ndipo Citoyen Modeste alipoagiza ikatwe mikaratusi ya barabarani, kuanzia langoni.

Msumeno ulikuwa umebaki mmoja tu, wa duara, nao ulikuwa na ufa. Venant alikuwa ametoboa tundu mwishoni mwa ufa ule ili usiendelee. Ungeweza kupasua mbao kwa miezi michache zaidi. Lakini ukikutana na chuma ungevunjika, na vipande vingeruka moja kwa moja mahali anaposimama Grégoire. Na Venant alijua kuna chuma gani ndani ya gogo, kwa sababu mkaratusi huu ulikuwa wa tatu kutoka langoni.

Domitille aliingia na sufuria ya maharage ya wafanyakazi, kama kila siku. Alikuwa mke wa Stanislas, kaka yake Venant. Kiunoni alikuwa amefunga kitenge cha majani ya njano. Kila Noeli, kwa miaka minane, Venant alimletea kitenge kipya na maneno yaleyale: Stanislas amekituma, anasalimu, bado hawezi kurudi. Wakati wa vita vya mamluki, mwaka wa 1967, Domitille alikuwa amekimbilia kwao Nyangezi. Aliporudi, Venant alimwambia kwamba mumewe amevuka mto Ruzizi na yuko Rwanda. Tangu hapo alikuwa amewakataa wanaume wawili wenye mashamba mazuri, na kwenye misa alimwombea mumewe pamoja na wasafiri.

Grégoire alivuta wenzo. Mkanda ulishika, msumeno ukaanza kulia, na gogo likasogea taratibu. Venant alitazama ule mgongo mpana wa rafiki yake. Akajiambia kwamba huenda msumeno ungepita pembeni. Akajiambia kwamba Grégoire alikuwa amepona mengi. Kisha akajiona jinsi alivyo, mtu anayetaka kujificha mara ya pili, akajichukia. Alikimbia, akauangukia wenzo kwa mikono miwili.

Msumeno ulizunguka peke yake, ukapunguza mlio, ukanyamaza.

"Uko mwenda wazimu?" Grégoire alifoka. "Ungekatwa mikono!"

"Iko risasi ndani ya huu muti."

"Unajua je?"

Venant hakumtazama yeye. "Shemeji," alisema, "weka sufuria chini."

Grégoire alichukua shoka. Alichimba kando ya doa, akifuata weusi ndani ya nyuzi za mti, hadi risasi ya kwanza ilipotoka. Ya pili ilikuwa karibu yake. Aliziweka juu ya kifuniko cha sufuria, kwa kuwa hakuona mahali pengine pa kuziweka.

"Stanislas hakuvuka Ruzizi," Venant alisema. "Askari walimusimamisha ku huu muti, wakamupiga risasi. Kisha walimupakia mu lori, wakashuka kumutupa mu ziwa."

Domitille alishika ukingo wa kitenge chake.

"Na hivi vitenge?"

"Nilikuwa nanunua ku soko ya Kadutu."

"Na salamu?"

"Zilikuwa zangu."

"Stanislas alifanya nini? Yeye hakuwa na ubaya na mutu."

Hilo ndilo swali alilolikimbia miaka minane. "Hawakuwa wanamutafuta yeye. Walisikia kama munoaji wa Siyeri alitengeneza bunduki za mamluki. Na nilitengeneza, mamluki waliniwekea kisu ku shingo. Askari wakamuuliza, 'Weye njo Venant?' Akasema, 'Njo mimi,' akajitia jina langu."

"Na weye ulikuwa wapi?"

Alionyesha chini ya msumeno, kwenye shimo la maranda.

Domitille alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Venant alitamani ampige. Hakupigwa.

"Grégoire," hatimaye Domitille alisema, "huku juu ya muti, iko risasi?"

"Hapana, maman. Huku iko safi."

"Basi pasua. Nataka mbao za sanduku ya kumuzika, hata kama itakuwa tupu."

"Maman, Citoyen Modeste anangojea mbao zake leo."

"Atangojea. Mimi nilingojea."

Grégoire aliuliza kwa upole, kama fundi anavyouliza nyumba yenye msiba, "Sanduku ya urefu gani?"

Domitille alimgeukia Venant. "Hawa ndugu walikuwa urefu mumoja. Mama yao alikuwa anawashonea suruali kwa kipimo kimoja." Akaokota msumari, akatoboa ukingo wa kitenge, akakichana utepe mrefu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. "Shemeji, lala."

Venant alilala chali juu ya maranda. Yalikuwa na ubaridi na harufu ileile ya siku ile, na aliposikia utepe ukigusa kisigino chake alifumba macho. Ulipanda polepole kwenye goti, kwenye mbavu, kando ya sikio.

"Fungua macho," Domitille alisema. "Weye haukufa."

Akayafungua. Domitille alikuwa ameinama juu yake, uso wake umekauka, akifunga fundo kwenye utepe mahali urefu wa Venant ulipoishia.